Maonyo Mawili Yenye Saini Yangu

Jumatatu, 2 Septemba

Mshauri amefika leo. Mkurugenzi hakuniambia kabla. Nimemkuta tu ofisini kwangu, amekaa kiti cha wageni, mkoba magotini, anasoma matangazo ya ukutani kana kwamba ni hukumu. Mama wa makamo, nywele fupi, viatu bapa visivyotoa sauti. Anatoka kwenye kampuni inayouza ushauri wa sheria za kazi. Wanakagua mikataba yako, wanakutengenezea kanuni, halafu unaweza kuwapigia simu siku yoyote ukitaka kumwondoa mtu bila kuburuzwa mahakamani. Hivyo ndivyo mkurugenzi alivyoeleza, huku anacheka. Mshauri hakucheka.

Miaka kumi na moja mimi ni afisa utumishi wa kiwanda hiki cha magodoro. Wafanyakazi mia moja arobaini na wawili, wengine nawajua mpaka majina ya watoto wao. Hatujawahi kushindwa kesi hata moja, kwa sababu sijawahi kuacha jambo likafika huko. Sasa analetwa mtu wa kuniangalia mgongoni. Nani kalalamika?

Nimemuuliza wifi. Ni dada wa mume wangu, ni katibu muhtasi wa mkurugenzi, na anakaa kwetu, chumba cha uani, mwaka wa tatu huu. Hakuna karatasi inayotoka ofisi ile bila kupita mikononi mwake. Kasema hajui lolote, naye kamwona leo kama mimi. Alisema hivyo huku anapanga bahasha ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Jumatano, 4 Septemba

Wameshampa jina. Kule kwenye ushonaji wanamwita Bi Kifungu. Kila akiulizwa jambo anajibu, tuangalie kifungu kinasemaje. Jana mama mmoja alimpeleka kwenye choo cha wanawake kisicho na kitasa, akamuuliza: haya, na hapa kifungu kinasemaje? Akaandika kwenye kijitabu chake. Leo kitasa kimewekwa. Mimi nimekiomba kitasa hicho tangu mwaka jana. Sijui nifurahi au niogope.

Ametaka mafaili yote. Halafu akaingia kwenye funguo: kabati la chuma lina funguo ngapi? Nikamwambia mbili, mmoja wangu, mmoja wa mkurugenzi.

"Na huo wa mkurugenzi anautunza nani?"

"Mwenyewe."

Akaniangalia kwa muda mrefu kuliko jibu lenyewe lilivyostahili. Akaandika.

Mtu anayeulizia funguo ama anamtafuta mwizi, ama anajiandaa kuiba.

Jumanne, 10 Septemba

Nimepandishwa bila kupandishwa. Bi Kifungu kapendekeza vyeo vyote viende na wakati. Kuanzia leo mimi si Afisa Utumishi tena, ni Meneja Rasilimali Watu. Mhuri mpya, kibao kipya mlangoni, kiti kile kile chenye mguu unaocheza. Mlinzi wa getini kanipigia saluti: "Bi Meneja, sisi ndiyo rasilimali zenyewe. Usituuze." Tukacheka wote wawili.

Mume wangu ni fundi wa majokofu, maneno yake huyapima kama gesi. Kasikia habari ya cheo, akasema mtu akipewa jina kubwa ajue kuna jambo kubwa atakuja kulijibia. Wifi alicheka sana. Zaidi ya mimi.

Ijumaa, 13 Septemba

Mzee Wembe amerudi.

Ndiye anayeendesha mashine ya kukata sponji, mwaka wa kumi na tisa. Jina amelipata kwa kile kisu. Mwezi uliopita kisu kilichukua vidole viwili vya mkono wake wa kushoto. Mashine haikuwa na kinga. Meneja uzalishaji aliing'oa mwezi wa tatu, eti inapunguza kasi. Mzee aliandika barua tatu kuomba irudishwe. Barua hizo nazijua. Nilizipokea mimi, nikazitoboa mimi, nikaziweka mimi kwenye faili lake.

Alikuja kunisalimia, mkono umefungwa bendeji mpaka kwenye kifundo. "Mwanangu, siku hizi nikihesabu mpaka kumi, viwili nakopa kwa mke wangu." Nilicheka, halafu nikaona haya.

Saa nane mkurugenzi kaniita. Meneja uzalishaji yupo. Bi Kifungu hayupo — nimelitia hilo akilini. Wanataka Mzee Wembe aitwe kwenye kikao cha nidhamu kwa uzembe uliosababisha ajali. Mkaguzi wa usalama kazini anakuja mwezi ujao na wanataka akute jambo limekwisha, na mwenye kosa amekwenda. Nikasema kwa adabu: mzee huyu hana onyo hata moja, tutamwondoaje?

Mkurugenzi akasema, "Una uhakika, mama? Kaliangalie vizuri faili lake."

Saa tisa wifi kaja kulichukua. Kasema bosi analitaka kwa mwisho wa juma. Akasaini kwenye kitabu cha kutolea mafaili kama kawaida yake, mwandiko mzuri, wa duara. Nikamuuliza kwa nini bosi asitumie ufunguo wake alichukue mwenyewe. Akasema, "Wifi, mimi natumwa tu."

Jumapili, 15 Septemba

Mume wangu, tunakunywa chai: "Hicho kikao cha mzee wa vidole ni lini?"

Mimi sijamwambia habari ya kikao. Za ofisini huwa naziacha ofisini. Nikamuuliza kasikia wapi. Akasema, si wewe uliyetaja? Sikutaja.

Baadaye nilitoka uani kuanika nguo nikawakuta yeye na dada yake wameinamiana. Waliponiona wakaanza kuzungumza gesi ya friji. Katika ndoa yangu yote sijawahi kusikia gesi ya friji ikizungumzwa kwa kunong'ona.

Labda najitia wazimu. Ofisi imeanza kunifuata nyumbani.

Jumatatu, 16 Septemba

Faili limerudi. Aliyelileta si wifi. Ni Bi Kifungu. Kaliweka mezani kwangu, kalisukuma kwa kidole kimoja, kaondoka na viatu vyake vya kimya.

Nilifunga mlango kwanza ndipo nikafungua.

Barua tatu za mzee hazimo. Mahali pake kuna barua mbili za onyo. Moja ya tarehe 12 Februari: kutozingatia usalama wa mashine. Nyingine ya tarehe 20 Mei: kosa lile lile, onyo la mwisho. Zote mbili chini pameandikwa, mhusika alikataa kusaini. Mzee Wembe akatae kusaini? Mtu anayesaini hata akipewa kipande cha sabuni?

Na chini kabisa, saini yangu.

Nilikaa. Kwa dakika nzima nilijitilia shaka mwenyewe. Watu mia na arobaini, barua kila siku, labda niliandika nikasahau? Saini ni yangu hasa. Mimi mwenyewe ningeapa.

Halafu nikasoma maneno yaliyo chini yake. Meneja Rasilimali Watu.

Februari sikuwa Meneja Rasilimali Watu. Mei sikuwa. Cheo hicho kimezaliwa Jumanne iliyopita, hata wino wa mhuri bado unachafua vidole. Aliyeziandika barua hizi kaziandika juzi tu, akaweka tarehe za zamani, akasahau kuniteremsha cheo.

Na cheo chenyewe kaleta nani? Bi Kifungu. Faili kaleta nani? Bi Kifungu. Sasa najua amekuja kufanya kazi gani.

Jumanne, 17 Septemba

Nimemfuata. Nilijiandalia maneno njia nzima, nilipofika yakanitoka. Yeye ndiye aliyeanza.

"Umelisoma faili, dada?"

"Limesomwa."

"Kama kuna jambo ndani yake unataka kuniambia, niambie kwa maandishi."

Nikasema sina jambo. Niandike ili iweje? Anishike na karatasi yangu mwenyewe? Mtu akikwambia andika, jua kuna faili lako mahali limeshafunguliwa.

Nikamuuliza kwa ukali kidogo, wewe uko upande wa nani? Hakukasirika. "Mimi ni mshauri wa kampuni. Si wako, si wa mzee. Lakini kampuni ikisimama mahakamani na karatasi mbovu, wa kwanza kuulizwa ni mimi." Kisha akaniambia kikao hakitaongozwa na mkurugenzi wala meneja uzalishaji, maana anayeshitaki hawezi kuwa hakimu. Ataongoza meneja wa mauzo. Na mzee apewe wito si chini ya saa arobaini na nane kabla, na aje na mtu wa chama cha wafanyakazi. Amewaambia hivyo na wamenuna.

Sasa huyu anataka nini? Mwizi hafungui madirisha ili watu waone.

Mchana nilikwenda mapokezi, nikaomba kitabu cha barua zinazoingia. Zipo zote tatu — tarehe, namba, jina la mzee, na maneno "kinga ya mashine" kwa mwandiko wa mpokea wageni. Nimezipiga picha kwa simu. Mpokea wageni kauliza natafuta nini. Nikasema nahakiki. Neno zuri sana, kuhakiki. Halimwambii mtu chochote.

Jumatano, 18 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi imeletwa bahasha ya kuhifadhi kwenye faili la wifi. Wifi ana mkataba wa mwaka mmoja mmoja, umerudiwa mara tatu, wa sasa unaisha tarehe thelathini mwezi huu. Ametulilia sana jambo hili. Kila mwaka ikifika Septemba halali usingizi. Mimi nimemwombea mara mbili kwa mkurugenzi, mara mbili nimeambiwa subiri.

Ndani ya bahasha, mkataba wa kudumu. Umesainiwa na mkurugenzi. Hakuna ajira ya kudumu isiyopita mezani kwangu, hii haikupita. Tarehe: Ijumaa, 13 Septemba.

Ijumaa aliyokuja kuchukua faili la Mzee Wembe.

Nikalitoa tena faili la mzee, nikatazama saini upya. Kazini nasaini kwa kifupi, herufi mbili na mstari, maana nasaini mamia. Saini ya barua hizi ni ile ndefu, yenye mkia. Ile naitumia nyumbani tu. Mara ya mwisho niliitumia kwenye fomu ya shule ya mwanangu mkubwa, ya kuruhusu safari ya darasa. Tarehe nane. Fomu ilibaki juu ya friji, na asubuhi yake haikuwepo. Mume wangu kasema ameipeleka shuleni mwenyewe.

Nyumbani kwangu. Wiki zote hizi nimekuwa namwangalia mgeni.

Kikulacho ki nguoni mwako — tunalisema kila siku, tunalisema kwa wengine.

Alhamisi, 19 Septemba

Kapika yeye. Kaniita wifi kama siku zote, kaniwekea chakula kwenye sahani yangu yenye ua. Mwanangu wa mwisho alilala mapajani kwake. Amemlea huyu tangu ana miezi minne, likizo yangu ya uzazi ilipokwisha nikarudi kazini. Ningemwachia nani mwingine?

Kauliza mbona siongei. Nikasema kichwa. Akaniletea dawa na maji.

Nimeimeza.

Ijumaa, 20 Septemba

Mzee Wembe kaja saa nne kuchukua barua ya wito. Kikao ni Jumatatu saa nne kamili. Nimempa na nakala za ushahidi, kama Bi Kifungu alivyoagiza. Alisoma amesimama, bahasha imebanwa kwapani, mkono mzima umeshika karatasi.

"Mwanangu, haya maonyo uliyaandika lini? Mbona hukuniita?"

Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningepumua.

Nilitaka kumwambia. Neno lilifika kwenye meno. Nikawaza: nikisema sasa, kabla ya kikao, litafika kwa mkurugenzi kabla mzee hajafika getini, na kitabu cha mapokezi kitapotea. Au hiyo ni sababu niliyojitungia. Nimemjibu kama askari wa zamu: "Tutazungumza kwenye kikao, mzee."

Akasema sawa. Akaikunja barua kwa mkono mmoja, taratibu, mkunjo baada ya mkunjo, akiibonyeza kwenye paja. Nilinyoosha mkono nimsaidie. Akageuka kidogo, akamaliza mwenyewe.

Kuna mtu wa miaka kumi na tisa kazini anaondoka na aibu, na anaondoka nayo kwa saini yangu.

Jumamosi, 21 Septemba

Nimemtazama mume wangu mchana kutwa akifungua friji la jirani pale barazani. Mikono ile ile. Nilitaka kumuuliza habari ya fomu. Nimemuuliza kama anataka chai.

Nikisema saini si yangu, swali linalofuata ni: basi ya nani? Na jibu lake linalala chumba cha uani. Kughushi ni kufukuzwa bila hata onyo, kanuni hiyo nimeiandika mimi, ukurasa wa tisa wa kijitabu cha wafanyakazi. Mama mkwe atasema nimemla mwanawe. Mume wangu atasema nini sijui.

Nikisema ni yangu, basi imekuwa yangu kweli.

Jumatatu, 23 Septemba

Naandika haya kwenye chumba cha sampuli, nimekaa juu ya godoro la maonyesho. Nimeomba dakika kumi. Wamenipa.

Kikao kilianza vizuri. Meneja wa mauzo kiti cha mbele, anatoka jasho, hajawahi kuongoza kitu kama hiki. Mzee Wembe kavaa shati la kutokea, kaja na yule mama wa kitasa, ndiye mwakilishi wa chama. Wifi kakaa pembeni anaandika kumbukumbu. Meneja uzalishaji kasoma onyo la kwanza, kasoma la pili, sauti kubwa. Akasema mnaona wenyewe, mtu alionywa mara mbili.

Bi Kifungu hakuinua macho kutoka kwenye karatasi zake. Akasema: "Mwandishi wa barua hizi yumo humu ndani. Kabla hatujaendelea, athibitishe. Je, hii ni saini yako?"

Watu wote wakanigeukia. Mzee hakunigeukia. Alikuwa anatazama mkono wake.

Nikasikia kalamu ya wifi imenyamaza.

Kumbe alijua. Bi Kifungu alijua tangu siku aliyonisukumia lile faili kwa kidole kimoja, alikuwa ananingoja nimwambie. Au hakujua, na hili ndilo shimo lenyewe, nimesukumwa nichague mwenyewe upande wa kuangukia. Mpaka sasa sijui. Na naona haibadilishi kitu.

Nilipofika humu mlango ukafunguliwa. Wifi. Kakaa kando yangu, godoro likatusogeza pamoja bila sisi kutaka.

"Sema ni yako," kasema. "Wifi, nakuomba. Ukisema si yako watauliza ni nani."

"Ni nani?"

Amelia kidogo, bila sauti. Kasema bosi alimwambia mimi nimeshakubali, ila sina nafasi, yeye akamilishe tu. Kasema waliahidi mzee atapumzishwa kwa heshima. Nikamuuliza, unakaa kwangu, tunakula sahani moja, mbona hukuniuliza kama nimekubali kweli? Akasema mkataba ulikuwa unaisha tarehe thelathini.

Hilo nimelielewa. Nachukia kwamba nimelielewa.

"Na ile fomu ya shule uliichukua juu ya friji?"

Akafuta macho kwa kiganja. Halafu:

"Sikuichukua. Kaka alinipa. Kaka anajua tangu mwanzo. Alisema wewe ni mtu wa kuelewa."

Nimeyaandika maneno hayo kama alivyoyasema, yeye akiwa bado hapa, ananitazama nikiandika. Hajauliza naandika nini.

Mlango umegongwa. Mwenyekiti anasema dakika zimekwisha. Wifi ameinuka kwanza, amenyoosha mkono anivute. Godoro hili ni laini, linammeza mtu.

Nimeinuka mwenyewe. Hili la mwisho naliandika nimesimama.